Amka na Amsha katika Viendeshaji vya Vifaa: Namna ya Kulisoma Jibu la Kosa

Makala haya yanahusu vitenzi vichache vinavyotumika ndani ya kiini cha Linux kuamuru kifaa kilale au kiamke, na hasa yanahusu jibu linalorudi pale amri inaposhindikana. Msomaji wa jarida la kitivo cha lugha anaweza kuuliza mada hii inatafuta nini hapa, wakati wenzetu wa informatiki wana majarida yao. Hati zinazoeleza vitenzi hivyo zimeandikwa kwa Kiingereza, wanafunzi wanafundishwa kwa Kifaransa, na wakishatoka darasani wanaelezana kwa Kiswahili. Katika safari hiyo ya lugha tatu kinachopotea kwanza ni maana ya kushindwa: amri ilitolewa, haikutimia, je, sasa hali ikoje, na nani anadaiwa nini? Katika programu nyingi kupotea huko kunaleta usumbufu tu. Katika programu zinazoendesha vifaa kunaleta betri inayokwisha kabla ya adhuhuri bila mtu kujua sababu, au mashine nzima inayoganda.

Nimeona karatasi za mazoezi ambamo "get" imetafsiriwa "pata" na "put" imetafsiriwa "weka". Kamusi zinaruhusu. Lakini mwanafunzi anayefuata maneno hayo jinsi yalivyo ataandika programu yenye kasoro, na kasoro hiyo ndiyo nitakayoichambua.

Kwanza istilahi mbili. Programu inayosimama kati ya kiini na kifaa, ambayo vitabu vyetu vya Kifaransa vinaiita "pilote", nitaiita kiendeshaji. Kipande cha programu chenye jina, kinachoitwa kufanya kazi moja na kurudisha jibu, nitakiita kitendakazi.

1. Kifaa kinacholala

Kompyuta au simu ya leo haingoji izimwe yote ndipo ipumzishe vifaa vyake. Kamera, kadi ya sauti, kidhibiti cha USB, kila kimoja kinaweza kulala peke yake kikikosa kazi, huku vingine vikiendelea. Utaratibu wa pamoja wa kufanya hivyo uliingia katika kiini cha Linux kwa toleo la 2.6.32, Desemba 2009, na aliyeujenga ni Rafael J. Wysocki. Msingi wake ni hesabu: kila kifaa kina namba inayoonyesha ni wangapi wanaokihitaji sasa hivi. Namba ikifika sifuri, kifaa kinaweza kulazwa.

Chukua mfano wa chumba cha kujisomea bwenini chenye jenereta yake. Mlangoni kuna kopo. Kila anayeingia anatia punje moja ya hindi, kila anayetoka anatoa moja. Mlinzi akikuta kopo tupu, anazima jenereta. Anayefika na kukuta giza anatia punje yake kwanza, kisha anavuta kamba ya jenereta. Mpangilio huo, punje kwanza na kamba baadaye, una sababu: angevuta kamba kwanza, mlinzi angeweza kupita katikati, akaliona kopo tupu, akaizima tena kabla hajaketi.

Sasa jenereta isipowaka? Mwanafunzi ametia punje, amevuta kamba, giza liko palepale. Anakasirika, anaondoka. Punje yake imebaki koponi. Kesho fundi akiitengeneza jenereta, wanafunzi wataingia na kutoka, kila mmoja na punje yake, lakini kopo halitakuwa tupu kamwe. Jenereta itanguruma usiku kucha katika chumba kisicho na mtu, na mlinzi hatakuwa na kosa lolote.

Hiyo ndiyo kasoro yenyewe. Katika lugha ya C inaonekana hivi, na nitaihesabu pamoja na mifano ya sentensi kwa sababu naichukulia kuwa data kama data nyingine:

(1)
ret = pm_runtime_get_sync(dev);
if (ret < 0)
        return ret;

Kitendakazi cha mstari wa kwanza kinaongeza hesabu, kinaamsha kifaa, na kinangoja mpaka jibu lipatikane. Mstari wa pili unasema: jibu likiwa chini ya sifuri, yaani kosa, ondoka na kosa hilo. Mwandishi amefanya lile ambalo kila mwalimu anadai, amekagua jibu. Lakini kitendakazi hiki kikishindwa kuamsha, hakirudishi hesabu nyuma. Punje inabaki.

2. Kwa nini "pata" inadanganya

Hati za kiini zinalisema jambo hili waziwazi. Jina lenyewe halisemi, na mwandishi wa programu husoma jina mara mia kabla ya kufungua hati mara moja. Tena majirani wa jina hilo wanamfundisha kinyume. Ndani ya kiini hichohicho, clk_get ikishindwa kukupa saa ya saketi, hujapewa kitu na huna cha kurudisha. clk_prepare_enable ikikwama katikati, inajirudisha yenyewe hapo ilipoanzia. Desturi ni kwamba aliyeshindwa kupata hana deni. pm_runtime_get_sync inavunja desturi hiyo huku ikivaa nguo zake.

Hapa ndipo naomba kuingiza somo letu. Katika makala yake ya mwaka 1957 Zeno Vendler aligawa vitenzi kwa jinsi vinavyokaa katika wakati: vya hali, vya shughuli, vya kazi inayoelekea mwisho fulani, na vya tukio la mara moja. "Pata" iko katika kundi la mwisho. Haina muda wa katikati: ama umepata ama hujapata. Ndiyo maana sentensi ya (2) inajipinga yenyewe, na naiwekea nyota:

(2) *Nilipata ufunguo, lakini sikuupata.

Linganisha na hii:

(3) Nilimwamsha, lakini hakuamka.

Sikioni mwangu (3) haina kasoro yoyote. Mama anaweza kuisema asubuhi yoyote juu ya mtoto aliyechelewa shule, na hakuna atakayemuuliza anamaanisha nini. Kiswahili kimetenganisha kazi ya anayeamsha na badiliko la anayeamka, kwa kiambishi kimoja cha kusababisha, na kinaruhusu la kwanza litokee bila la pili. Lingala ina jozi ileile, kolamuka na kolamusa. Kifaransa hakina wepesi huo: "je l'ai réveillé, mais il ne s'est pas réveillé" inamkwaza msikilizaji, na ili aelewe inabidi useme ulijaribu. Si Kiswahili peke yake. Wanaisimu wameeleza tabia ya namna hii katika Kihindi, Kitagalogi na Kimalagasi. Lakini kwa mwanafunzi wa Lubumbashi au Bukavu anayejifunza kuandika viendeshaji, ni mtaji ambao tayari anao mdomoni, na karatasi ya mazoezi inamnyang'anya kwa kumpa "pata".

Kitendakazi cha (1) kina vitendo viwili chini ya jina moja. Cha kwanza ni kushika: kutia punje, na hicho hakishindwi kamwe, kwa sababu kuongeza namba hakutegemei kifaa. Cha pili ni kuamsha, na hicho kinaweza kutokea bila kifaa kuamka. Kwa Kiswahili cha masimulizi: mwendeshaji akashika, akaamsha, kifaa hakikuamka. Ukiisema hivyo, swali linalofuata linajileta lenyewe hata kwa asiyejua C: na alichokishika, amekiachia?

Kuna faida ya pili ya kuleta jozi hii. Jibu la kitendakazi si ndiyo au hapana. Ni moja kati ya matatu. Sifuri maana yake kifaa kilikuwa kimelala na sasa kimeamka. Moja maana yake kilikuwa macho tayari. Namba hasi maana yake hakikuamka, na namba yenyewe inadokeza sababu. Kitenzi "amsha" kinachukulia kwamba anayeamshwa amelala. Ukimwamsha aliye macho, atakujibu "mbona niko macho", na jibu hilo si la kushindwa. Sasa tazama:

(4)
ret = pm_runtime_get_sync(dev);
if (ret)
        return ret;

Katika C, sharti la mstari wa pili linatimia kwa namba yoyote isiyo sifuri. Aliyeandika hivi amemhesabu aliye macho kuwa amekataa kuamka. Kiendeshaji chake kitafanya kazi vizuri pale kifaa kinapoanzia usingizini, kisha kitashindwa mara tu watumiaji wawili wakutane. Kasoro ya aina hii ni ngumu kuinasa kwa majaribio, kwa sababu mwenye kujaribu huwa yuko peke yake na kifaa chake.

3. Kuachia, na hatari ya dawa

Dawa ya (1) ni kutoa punje kabla ya kuondoka:

(5)
ret = pm_runtime_get_sync(dev);
if (ret < 0) {
        pm_runtime_put_noidle(dev);
        return ret;
}

Hapa tafsiri ya "weka" inafika kilele cha madhara yake. Katika jozi hii ya Kiingereza "put" ni kurudisha ulichokuwa umechukua. Mwambie mwanafunzi mwenye picha ya kopo kichwani "weka punje", naye ataongeza ya pili. Neno la kamusi limegeuza amri kuwa kinyume chake. "Achia" haina tatizo hilo, na inakaa vizuri pembeni ya "shika".

Sehemu ya mwisho ya jina, noidle, inazuia jambo moja. put ya kawaida ikishapunguza hesabu na kuikuta sifuri inaendelea kumwita mlinzi aangalie kama kifaa kilazwe. Yenye noidle inatoa punje na kunyamaza. Kwa kifaa ambacho kimekataa kuamka hakuna haja ya kumsumbua mlinzi, ingawa kwa upande wa hesabu zote mbili zinatoa punje ileile.

Kasoro ya (1) ilikuwa imesambaa kiasi kwamba mwishoni mwa 2020, wakati wa toleo la 5.10, kiini kilipewa kitendakazi kipya, pm_runtime_resume_and_get. Kinafanya yaleyale, ila kikishindwa kinatoa punje chenyewe, na kikifaulu kinajibu sifuri peke yake, hata kama kifaa kilikuwa macho tayari. Yaani makosa ya (1) na ya (4) yote yanafunikwa. Nimelipenda jina lake. Limetaja vitendo viwili kwa vitenzi viwili, na likaanza na kile kinachoweza kushindwa: amsha, kisha ushike. Kwa mpangilio wa ndani hesabu bado inaongezwa kwanza, kwa sababu ya mlinzi yule anayeweza kupita katikati. Lakini kwa mtu anayelisoma, jina linaahidi kwamba asiyeamshiwa hajashika, na ahadi inatimizwa. Katika miezi iliyofuata viraka vingi vilipelekwa kubadilisha jina la zamani kwa jipya.

Hapo ndipo pa kuwa macho kuliko pote, na nadhani mafunzo mengi yanapita hapa kwa haraka mno. Viko viendeshaji ambavyo havikagui jibu kabisa:

(6)
pm_runtime_get_sync(dev);
...
pm_runtime_put(dev);

Kwa mtazamo wa kwanza (6) ni uzembe, na kwa upande wa rejista ni uzembe kweli, kama nitakavyoeleza. Kwa upande wa hesabu lakini imekamilika: punje imetiwa, punje imetolewa, jenereta iwe imewaka au haikuwaka. Tabia ileile ya jina la zamani inayomwangusha aliyekagua jibu ndiyo inayombeba asiyekagua. Sasa anakuja mwenye kiraka, anabadilisha jina la mstari wa kwanza, anaacha wa mwisho ulivyo. Kifaa kikishindwa kuamka, kitendakazi kipya kimekwisha kutoa punje yake, kisha mstari wa mwisho unatoa nyingine ambayo ni ya mtu mwingine. Kopo linakuwa tupu huku mwenzake amekaa anasoma. Mlinzi anazima.

Kati ya makosa haya mawili, la pili ndilo baya. Punje iliyosahauliwa inakula betri. Punje ya mwenzio uliyoitoa inamzimia umeme katikati ya kazi, labda anaandika kwenye diski. Basi kanuni yangu kwa anayesahihisha viendeshaji ni kwamba asibadilishe jina la kitendakazi kabla ya kufuatilia njia zote zinazotoka hapo, ile ya kufaulu na zile za kushindwa, na kuhesabu kwa kila moja punje zilizotiwa na zilizotolewa. Ni kazi ya mkono. Ipo zana ya Kifaransa iitwayo Coccinelle, inayotumika sana kwenye kiini, ambayo inatafuta na kubadilisha vipande vya C kwa kufuata muundo wao, badala ya herufi zao. Kwa mwanaisimu ni kama kutafuta kishazi kwa sarufi yake. Inasaidia kuorodhesha mahali pa kuangalia. Uamuzi wa kila mahali unabaki kwa msomaji wa njia.

4. "Bado" na "nimeshindwa"

Hesabu ikishakuwa sawa linabaki swali la kifaa chenyewe. Hakikuamka, ufanye nini? Kwanza, usikiguse. Rejista za kifaa kisicho na umeme au kisicho na mapigo ya saa hazijibu "nimelala". Kwenye njia ya PCI, kusoma kifaa kisichojibu kwa kawaida kunarudisha namba yenye biti zote moja, 0xFFFFFFFF. Mwendeshaji asiyejihadhari ataichukua kuwa habari ya kweli: kila alama ya tahadhari imewaka, kila foleni imejaa, na anaweza kuzunguka kitanzini akishughulikia matukio ambayo hayapo. Kwenye chipu nyingi za ARM hali ni kali zaidi, kwani kusoma rejista ya kifaa kisicho na saa kunaweza kuleta kosa la basi linaloangusha kiini, au kuigandisha mashine bila ujumbe wowote. Hii ndiyo sababu (6) ni hatari japo hesabu zake ziko sawa. Nukta tatu zile za katikati ndizo zinazogusa rejista.

Pili, tofautisha kukataa na kuharibika. Kiini kinapomwambia mwendeshaji alaze kifaa chake, mwendeshaji anaweza kurudisha kosa. Lakini makosa hayo ni ya aina mbili. Akirudisha EBUSY au EAGAIN, kiini kinaelewa kwamba kifaa kina shughuli, kinabaki macho, na ataulizwa tena baadaye. Akirudisha kosa jingine lolote, kiini kinalichukua kuwa balaa. Kinaandika kosa hilo kwenye kumbukumbu ya kifaa na kuanzia hapo kinakataa kukilaza au kukiamsha kwa njia ya kawaida. Kila ombi linalofuata linapewa kosa papo hapo, bila hata kugusa kifaa.

Kiswahili kina neno kwa jibu la kwanza, na sijui kwa nini halitumiki katika masomo haya. Ni "bado". Ukimuuliza mlezi "mtoto amelala?" akajibu "bado", amekanusha na papo hapo amekuacha ukitegemea. Hakusema mtoto ni mgonjwa. Angejibu "amekataa kabisa, ana homa", ungeshika njia nyingine. EBUSY na EAGAIN ni "bado". EIO, yaani mawasiliano na kifaa yamevunjika, ni homa. Kiendeshaji kinachorudisha EIO kwa sababu tu foleni haijaisha kimempeleka mtoto hospitali kwa kuchelewa kulala, na kifaa kizima kinafungiwa hadi mtu aingilie. Kinachorudisha EBUSY wakati kifaa kimekufa kinamfanya mlinzi arudi mlangoni tena na tena.

Hadi mwaka 2025 upande wa kuamsha haukuwa na "bado". Kosa lolote lililotoka kwa mwendeshaji wakati wa kuamsha liliandikwa kuwa balaa. Kulitoa huko kunahitaji kifaa kirekebishwe kweli, kwa mfano kwa kukirudisha mwanzo, kisha hali yake itangazwe upya kwa pm_runtime_set_active au pm_runtime_set_suspended. Mkazo uko kwenye "kweli". Vitendakazi hivyo viwili vinatangaza tu. Ukitangaza kwamba kifaa kiko macho wakati hakiko, kiini kitakuamini, na utakuwa umeondoa ukuta wa mwisho kati ya programu na rejista zisizo na umeme.

EACCES niitaje kwa ufupi: inasema kwamba usimamizi wenyewe umefungwa kwa kifaa hicho. Pengine kiendeshaji hakijaufungua, au mashine nzima iko katika hatua za kwenda kulala na kiini kimeufunga kwa muda. Kifaa ni kizima. Aliyekatazwa kugonga mlango asiseme mwenye nyumba hakuamka.

5. Jibu lisilosikilizwa

Inabaki hali ambamo kosa linarudishwa vizuri kabisa na hakuna anayelisikia. Mashine nzima inapokwenda kulala, kila mwendeshaji anaombwa alaze kifaa chake. Mmoja akirudisha kosa, safari yote inasitishwa na waliokwisha kulala wanaamshwa. Sauti ya mmoja inatosha. Wakati wa kuamka mambo ni kinyume: anayerudisha kosa anaandikwa kwenye kumbukumbu, na wengine wanaendelea kuamka bila yeye. Ni busara, kwani huwezi kuirudisha mashine usingizini kwa ajili ya kadi ya sauti. Lakini inamaanisha kwamba mwendeshaji asitegemee mtu mwingine atamfanyia usafi. Ajue mwenyewe kwamba kifaa chake hakikuamka, na akatae maombi yatakayofuata.

Mfano wa ajabu zaidi ni wa kuondoka. Kwa miaka mingi kitendakazi cha kuondoa kiendeshaji cha vifaa vya aina ya "platform" kilitangazwa kuwa kinarudisha namba. Waandishi wakaona namba, wakadhani wanaulizwa. Basi unakuta kiendeshaji ambacho, kikiombwa kuondoka, kinajaribu kwanza kukiamsha kifaa ili kukizima kwa adabu. Kifaa kikikataa, kinarudisha kosa na kuishia hapo, kikiamini kuondoka kumeahirishwa. Hakukuahirishwa. Kiini kilikuwa hakilitumii jibu hilo kwa lolote zaidi ya kuandika onyo, na kikaendelea kukiondoa kifaa. Kumbukumbu iliyokodishwa haikurudishwa, na ishara zilizosajiliwa zilibaki zikielekeza kwa programu ambayo haipo tena. Kifaa kibovu kikawa mlango wa kuanguka kwa mashine nzima.

Suluhisho lilikuwa la kisarufi, na sioni neno jingine la kulieleza. Uwe Kleine-König alipitia viendeshaji hivyo kundi kwa kundi, na kufikia toleo la 6.11, mwaka 2024, kitendakazi cha kuondoka kilitangazwa upya kuwa hakirudishi kitu. Swali ambalo jibu lake halisikilizwi liligeuzwa kuwa amri. Mwandishi hawezi tena kusema "siondoki"; mkusanyaji wa programu atamkatalia. Kinachobaki kwake ni kuandika njia inayofika mwisho kifaa kiamke kisiamke: kikiamka, zima rejista zake kwa utaratibu; kisipoamka, ruka sehemu ya rejista, lakini rudisha kumbukumbu, ondoa ishara, achia punje, funga usimamizi.

Kwa karatasi za mazoezi zitakazoandikwa kwa Kiswahili napendekeza basi shika na achia kwa jozi ya hesabu, amsha na laza kwa jozi ya hali, na amka na lala kwa kile kifaa chenyewe kilichofanya. Matokeo ya kushindwa yaandikwe kila mara kwa vitenzi viwili, "ameamsha, hakikuamka", hata pale mwandishi anapoona ni kurudia. Kwa put_noidle naona "achia kimya" inatosha. Kwa put_autosuspend, ambayo inaachia kisha inamwambia mlinzi asubiri kitambo kabla ya kuzima kwa kuwa mtumiaji mwingine huenda yuko njiani, nilifikiria "achia na ungoje". Lakini anayengoja si yule aliyeachia, ni mlinzi. "Achia kwa kuchelewa" nayo inaonyesha kana kwamba punje ndiyo inayochelewa kutoka koponi, kumbe inatoka papo hapo. Naelekea "achia, ulale baadaye", yenye nafsi ya kifaa katika kitenzi cha pili, na ningependa kusikia walimu wa sintaksia wanasemaje juu ya kubadilisha nafsi hivyo katikati ya amri moja.